Sindano Ife, Santuri Ipone

Chukua kipande cha santuri ya 78 (ile ya zamani inayozunguka mara 78 kwa dakika) iliyovunjika, maana nyumba za zamani hazikosi, utazame pale ilipopasukia. Huoni ulaini wa plastiki. Unaona chembechembe, mithili ya kigae. Santuri ya shelaki ni unga wa mawe ulioshikamanishwa kwa gundi, na namna inavyochakaa inaanzia hapo.

Shelaki yenyewe hutolewa na mdudu mdogo anayenyonya matawi ya miti huko India na Thailand. Ni ndugu wa lakiri, ile ya kupigia mihuri bahasha, na mafundi seremala wanaijua kama magamba ya rangi ya kaharabu yanayoyeyushwa kwenye spiriti kupata polishi ya makabati. (Isichanganywe na sandarusi ya pwani, ambayo ni utomvu wa mti.) Katika santuri, shelaki mara nyingi ni robo hivi ya mchanganyiko, au pungufu. Kilichobaki ni unga wa sleti, chokaa au barite, masizi ya kutia weusi, na nyuzi fupi za pamba za kuupa mwili nguvu. Unga ule ulipunguza gharama, ni kweli. Lakini ulikuwa na kazi nyingine iliyokusudiwa: kuisaga sindano.

Gramafoni ya kutia ufunguo haina umeme wa kukuza sauti. Nguvu yote inayotikisa kiwambo (kile kitando kinachotoa sauti) na kusukuma hewa ndani ya honi inatoka kwenye ukuta wa mfuo, yaani ule mfereji mwembamba ulioandikwa sauti, ikipitia kwenye ncha ya sindano. Ili ncha isirushwe nje na mitikisiko hiyo, kichwa cha sauti huikandamiza kwa uzito wa gramu 100 hadi 150 hivi. Katriji ya kisasa, yaani kichwa cha umeme cha kusomea santuri, hukandamiza kwa gramu 2 hadi 5. Na mfuo unaobeba mzigo huo una upana wa karibu milimita 0.15 tu.

Sindano mpya ina ncha ya mviringo, inayogusa kuta za mfuo kwa vidoa viwili vidogo mno. Kama ingekuwa ngumu isiyolika, gramu 100 juu ya vidoa hivyo zingechimba ukuta. Kwa hiyo wahandisi waliigeuza hesabu: wakaiacha santuri iile sindano. Katika mizunguko michache ya mwanzo, kabla muziki haujaanza, unga wa mawe hulisaga pande mbili za ncha mpaka ikapata umbo la mfuo uleule. Eneo la mgusano linapanuka, shinikizo linashuka, na kuanzia hapo sindano inakaa kwenye mfuo kama kabari iliyochongwa kwa ajili yake.

Usagaji hauishii hapo, na hilo ndilo tatizo. Santuri ya inchi 10 ikipigwa dakika 3 na kidogo inazunguka kama mara 250. Ukiunyoosha mfuo wake unapata takriban mita 130. Sindano inaburutwa mita 130 juu ya kitu kinachofanya kazi ya msasa, na ikifika mwisho ubavu wake una mabapa mawili yenye makali mbele na nyuma, kama patasi ndogo.

Patasi hiyo ukiirudisha mwanzoni mwa santuri nyingine, mambo mawili yanaharibika. Kwanza, mabapa yalichongwa mwishoni kwa mfuo wenye kona kali zaidi, na sasa yanakutana na mfuo wa nje uliolegea, kwa hiyo kinachogusa ukuta ni makali na si ubapa. Pili, ukiichomoa sindano na kuirudisha, hata kwa kuigeuza nyuzi chache tu, makali yanakaa mshazari na kuanza kukwangua. Sauti kali za juu ndizo zinazotangulia kutoweka, kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwa vijikona vidogo kuliko vyote kwenye ukuta.

Kwa hiyo agizo la zamani la sindano moja kwa kila upande wa santuri halikuwa ujanja wa wauza sindano. Makopo yaliuzwa na sindano 200 ndani kwa sababu hiyo. Anayebakiza sindano "bado nzima" anabana senti na kuilipa kwa santuri, na mtu akikuambia aliipiga sindano moja wiki nzima bila kusikia tofauti, jua tofauti imeshaandikwa kwenye mifuo yake, na kila sindano mpya atakayoiweka itaisoma.

Ukitaka kuyaona makali hayo, chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Shika sindano iliyokwisha kupiga upande mmoja, izungushe taratibu chini ya taa. Mahali fulani itang'aa ghafla kama kioo. Huo ndio ubapa. Sindano mpya haimeti hivyo popote.

Unene wa sindano nao una maana. Nene hutoa sauti kubwa, nyembamba hutoa ndogo, na tofauti haiko kwenye ncha bali kwenye shina: shina jembamba hujipinda kidogo, hivyo halipelekei kiwambo nguvu yote wala haliurudishii ukuta mzigo wote. Kwa santuri unayoijali, anza na ya sauti ndogo au ya wastani. Ile nene iachie ukumbi wenye watu wengi na santuri usiyoililia. Usitumie sindano zenye kutu hata kama kopo ni zuri na la kale. Kutu ni vipele vigumu vinavyoanza kukwaruza kabla ncha haijapata umbo. Kopo liwe pambo, sindano ziwe mpya. Bado zinatengenezwa.

Zilikuwepo pia sindano za kudumu: zilizopakwa kromi, zikiahidi pande nyingi, na zile zenye waya mwembamba wa tangsteni kwenye ncha. Wazo la tangsteni lina mantiki, kwa kuwa waya una unene uleule hadi mwisho na unapolika haunenepi. Lakini waya huo ukipita kwenye mfuo uliokwisha kuharibika, huumega zaidi. Zitumike, kama ni lazima, kwa santuri safi tu. Zile za kromi ni bora kuziacha.

Mwanzi na mwiba

Kuna njia nyingine, kongwe na ya upole zaidi: kuweka ncha iliyo laini kuliko santuri. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ziliuzwa sindano za mwanzi, zilizokatwa kwa umbo la pembetatu na kuingizwa kwenye tundu maalumu la kichwa cha sauti. Baadaye ikaja miiba ya dungusi kakati, iliyonolewa kwa kuzungushwa kwenye karatasi ya msasa laini. Zote mbili hunolewa tena: mwanzi hukatwa mshazari kwa mkasi wake, mwiba husagwa upya. Mwanzi mmoja unaweza kukatwa mara kadhaa kabla haujawa mfupi mno.

Mwanzi hauukwangui ukuta kwa sababu ndio unaosalimu amri. Ila upole huo una masharti. Sauti inakuwa ndogo na nyororo, na kwenye kipande chenye sauti kali ncha inaweza kuporomoka katikati ya wimbo, ikabaki ufagio wa nyuzi unaoburuzwa. Hapo inua mkono mara moja. Usisubiri wimbo umalizike. Sharti zito zaidi ni hili: mwanzi unahitaji mfuo laini. Santuri iliyokwisha kutafunwa na chuma ina kuta zilizochanika, nazo huisaga ncha ya mwanzi ndani ya nusu dakika. Ndiyo maana waliotumia mwanzi hawakuthubutu kuazimana santuri na waliotumia chuma. Pia mwanzi hunyonya unyevu. Katika hewa ya pwani uhifadhi kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na kipakiti cha jeli ya silika, la sivyo unalegea kabla haujafanya kazi.

Mashine nayo hula santuri

Unaweza kubadilisha sindano kila upande na bado ukaiharibu santuri, kama mashine yenyewe imeshika kutu au imekauka. Wengi hawakagui, wanatazama honi tu.

Anza na kichwa cha sauti. Ndani yake kiwambo, cha ulanga kwenye mashine za zamani na cha alumini kwenye zile za miaka ya mwisho ya 1920 kuendelea, kimeshikiliwa ukingoni na mipira miwili laini. Baada ya miongo kadhaa mpira huo huwa mgumu kama mfupa. Kiwambo hakitikisiki kirahisi, kwa hiyo sindano inakuwa ngumu kusogezwa, na mzigo wote unarudi kwenye ukuta wa mfuo. Kipimo ni rahisi: mashine ikiwa imesimama, isukume sindano kidogo kando kwa ncha ya kidole. Ikiyumba kidogo na kurudi, mpira uko hai. Ikiwa kama umegusa msumari ukutani, kifungue kichwa na ubadilishe mipira kwa bomba laini jeupe la mpira au silikoni. Mara nyingi unene wake ni milimita 3 hivi, lakini pima la zamani kwanza. Kata ncha mbili zikutane bila pengo wala kupandana. Kipande cha mpira kinachounganisha kichwa na mkono nacho hukauka, kibadilishe pia. Usizikaze skrubu kwa nguvu: vichwa vingi vilimiminwa kwa mchanganyiko wa metali wenye zinki, ambao kwa umri wake hupasuka kama biskuti.

Kisha mkono. Weka pima maji juu ya sahani ya kuzungushia, sawazisha mashine kwa vipande vya kadi chini ya miguu. Mkono usukumwe kwa ncha ya kidole na uende bila kukwama. Kiungo kikiwa kizito, sindano ndiyo inayouburuta mkono kwenda ndani, na inafanya hivyo kwa kuegemea ukuta mmoja tu wimbo mzima. Dawa yake ni kusafisha grisi iliyoganda na kuweka nyembamba mpya. Sindano yenyewe iinamie santuri kwa nyuzi 55 hadi 60 hivi, ikifuata upande sahani inakozunguka; ikisimama wima zaidi, inachimba na kulia.

Kuhusu mwendo, weka kipande kidogo cha karatasi chini ya ukingo wa santuri na uhesabu mizunguko kwa sekunde 60 huku sindano ikiwa inapiga, kwa kuwa mzigo hupunguza kasi. Au tumia duara lenye mistari 77 chini ya taa ya umeme wa hezi 50: mistari ikionekana imesimama, uko kwenye 77.92, ambayo ndiyo 78 ya nchi zenye umeme wa hezi 50 kama zetu. Taa nyingi za LED haziwaki na kufifia kwa namna inayofaa kwa kipimo hiki. Tafuta balbu ya kizamani. Santuri za kabla ya 1925 zilirekodiwa kwa kasi tofauti, kuanzia chini ya 70 hadi karibu 90, kwa hiyo sikio ndilo mwamuzi.

Neno kuhusu gramafoni mpya zenye honi kubwa ya shaba, zinazouzwa kama za kale. Zimetengenezwa kwa mapambo. Mikono yake mara nyingi imepangwa ovyo na vichwa vya sauti ni vizito bila sababu. Zinapendeza sebuleni. Usiziwekee santuri unayotaka kuisikia tena.

Unapoishusha sindano, iweke kwenye ukingo laini wa nje huku santuri ikizunguka, kisha isukume polepole mpaka mfuo uidake. Usiidondoshe. Santuri za mapema hazina mfuo wa kuingilia wala wa kutokea, kwa hiyo mwishoni uwe umesimama karibu: sindano iliyoachwa ikizunguka mahali pamoja inachonga pete ambayo haifutiki.

Almasi badala ya chuma

Njia salama kuliko zote ni kutotumia gramafoni kabisa, bali sahani ya umeme yenye katriji nyepesi. Hapa uzito unashuka mara ishirini na zaidi, na ncha ya almasi haikusudiwi kuumbwa na santuri. Inatakiwa iwe na umbo sahihi tangu kiwandani. Kwa hiyo kosa la umbo halijirekebishi lenyewe kama kwa chuma.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupiga shelaki kwa sindano ya LP (santuri ndefu ya vinili). Sindano ya LP ina ncha yenye nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mfuo wa shelaki umejengwa kwa ncha ya mikroni 65 hadi 76. Ile ndogo haigusi kuta mahali zilipoandikwa sauti. Inaporomoka hadi chini, kule kwenye vumbi, mabaki ya chuma na unga wa mawe, na kuyumba huko kama gurudumu la baiskeli kwenye reli ya garimoshi. Unasikia mkwaruzo mwingi na muziki kidogo, na almasi yenyewe inaumia.

Ukinunua katriji ya 78 utakutana na mkanganyiko wa uzito. Ortofon 2M 78 inapendekezwa gramu 1.8. Audio-Technica AT-VM95SP inapendekezwa gramu 5. Ipi inaitunza santuri? Zote mbili, kila moja kwa uzito wake. Uzito unaotakiwa unategemea ulaini wa kijiti kilichobeba almasi. Kijiti laini hufuata kona za mfuo kwa nguvu ndogo. Kigumu kinahitaji kukandamizwa ili kisirushwe. Hatari iko kwenye kuchukua katriji ya gramu 5 na kuiweka gramu 2 kwa imani kwamba nyepesi ni salama. Ncha itakuwa inaruka, inatua, inaruka tena kwenye sauti kubwa, na kila inapotua inagonga ukuta badala ya kuusoma. Ukisikia herufi za "s" zikichanika au sauti ya juu ya mwimbaji ikipasuka kwenye santuri inayoonekana safi, ongeza nusu gramu, usipite kikomo cha mtengenezaji. Uzito upimwe kwa mizani ndogo ya kidijitali, si kwa namba za kwenye mkono peke yake.

Vile visanduku vya bei nafuu vyenye spika ndani na katriji ya kugeuza upande viko mahali pengine kabisa. Vingi hubeba yakuti, si almasi. Yakuti hudumu makumi ya saa, almasi mamia. Yakuti iliyolika kwa shelaki ni ileile patasi tuliyoizungumzia, ila safari hii hakuna anayeibadilisha kila upande.

Kwa santuri iliyokwisha kuota mvi, uchaguzi wa ukubwa wa ncha ni silaha. Mvi ndiyo ile rangi ya kijivu unayoiona ukiinamisha santuri chini ya taa: mifuo ya pale palipoimbwa kwa nguvu, na ya mwishoni karibu na lebo, imepoteza weusi wake. Mwishoni huathirika zaidi kwa sababu santuri inapita polepole chini ya sindano. Ukingoni inakwenda karibu sentimita 98 kwa sekunde, karibu na lebo ni 41 tu, kwa hiyo mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi isiyofikia nusu. Chuma kilichakaza utepe mmoja wa ukuta, kwa urefu fulani. Ncha pana zaidi, tuseme mikroni 90, itapita juu ya utepe huo. Nyembamba iliyokatwa kitako, mikroni 55 hivi, itapita chini yake bila kugusa sakafu. Jaribu mbili au tatu kwenye sekunde kumi za mwanzo. Tofauti haihitaji sikio la fundi.

Kwa santuri yenye ufa au iliyojikunja, kuna mbinu isiyotumiwa inavyostahili: ipige polepole, uirekodi kwenye kompyuta, kisha uirudishe kasi yake kwa programu. Nguvu inayohitajika kuisukuma sindano huku na huko hupungua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kwa 45, inashuka hadi theluthi. Kwa 33⅓, haifiki hata moja ya tano. Sindano iliyokuwa ikiruka kila inapofika kwenye ufa inapita kama mtu anayevuka mtaro kwa hatua badala ya kukimbia. Gharama yake ni kwamba sauti nzito sana zinashuka hadi pale katriji isipozisikia vizuri, na usawazishaji wa sauti lazima ufanyike baada ya kurudisha kasi, si kabla. Rekodi bila kichujio cha RIAA (usawazishaji wa sauti uliowekwa kwa ajili ya LP), kwa biti 24 na kilohezi 96, kiwango ambacho mwongozo wa kuhifadhi sauti wa IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, unakipendelea. Ukiwa na faili hiyo, santuri inaweza kupumzika kabatini na wimbo ukaendelea kusikika kila Ijumaa.

Kuosha, na kitu kimoja cha kutogusa kamwe

Unga mweusi unaoukuta kwenye ncha baada ya upande mmoja ni mchanganyiko wa mawe na chuma. Mwingine umebaki ndani ya mfuo. Ukiipiga santuri bila kuufuta, umeongeza msasa juu ya msasa. Kabla ya kila upande pitisha kitambaa kikavu cha mahameli kwa kufuata mzunguko wa mifuo, kamwe si kuikata.

Santuri iliyotoka stoo inahitaji maji. Lita moja ya maji safi yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri, na hakikisha si tindikali kwa sababu madukani vyote huitwa maji ya betri. Tia matone machache ya sabuni isiyo na manukato wala mafuta. Sabuni ya vyombo huacha utando. Funika lebo kwa kiganja au kwa duara la plastiki lenye mpira ukingoni. Lowesha brashi laini ya nywele, izungushe ukifuata mifuo mara tano sita, suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni, kausha kwa kitambaa laini cha pamba, simamisha kwenye kichanio cha sahani mahali penye hewa kwa saa kadhaa. Kuloweka hapana: nyuzi za pamba na unga ndani hunyonya maji. Baadhi ya santuri, hasa nyingi za Columbia, zina tumbo la karatasi kati ya ngozi mbili za shelaki, na maji yakipenya kwenye ufa, tumbo huvimba.

Spiriti usiiguse. Si ya kuwashia jiko, si ya hospitali, wala si ile ya kusafishia vichwa vya kaseti. Fundi seremala anayeyusha shelaki kwa spiriti. Wewe utakuwa unafanya hivyohivyo, ila kwenye mfuo. Santuri hufubaa papo hapo na hakuna kurudi nyuma. Mafuta ya taa na mafuta ya nazi hayaiyeyushi, ila huikamatia vumbi kila inapokaa, na baada ya mwezi unakuwa na gundi.

Ipi ipigwe kwa nini

Gramafoni ya zamani na santuri za kabla ya 1925 zilizaliwa pamoja, zilirekodiwa kwa honi na hupigwa kwa honi. Baada ya hapo kurekodi kwa maikrofoni kukaanza kuandika mawimbi makubwa zaidi na sauti kali zaidi kwenye kuta. Nyimbo ambazo Siti binti Saad na wenzake walikwenda kuzirekodi Bombay kuanzia 1928 ni za zama hizo za pili. Zinaweza kupigwa kwa gramafoni nzuri ya mwishoni mwa miaka ya 1920, yenye sindano mpya ya sauti ndogo. Lakini nakala zilizobaki ni chache kiasi kwamba kila upigaji kwa chuma ni kukopa mahali ambapo hutarudisha. Katriji, mara moja, rekodi, basi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye zile za miaka ya 1950, ambazo watu wanazidharau kwa sababu si za kale vya kutosha. Huku kwetu 78 ziliendelea kuchapwa hadi ndani ya miaka ya 1960, na nyingi za Nairobi, Mombasa na Léopoldville (Kinshasa ya leo) ni za kipindi hicho. Kufikia wakati huo viwanda vilikuwa vinazitengenezea vichwa vyepesi vya umeme. Mchanganyiko ulipunguziwa ule unga mkali ili mkwaruzo usisikike. Bila unga wa kutosha, santuri haiwezi tena kuisaga sindano ya chuma na kuipa umbo. Sindano ndiyo inayoisaga santuri. Mara chache chini ya gramu 120 zinatosha kuota mvi ambayo ile ya 1910 haikuipata kwa miaka kumi. Rumba ya 1955 isipigwe kwa mashine ya kutia ufunguo, hata kwa kupiga picha ya harusi.

Halafu kuna zile zinazofanana na shelaki ila si shelaki. Zigonge taratibu kwa ukucha ukingoni. Shelaki hulia kama kigae, vinili hutoa mlio mfu na hupindika kidogo ukiikandamiza. Baadhi ya 78 zilichapwa kwa vinili, zikiwemo V-Disc zilizotengenezewa wanajeshi wa Marekani kati ya 1943 na 1949, na chuma huziharibu kwa mpigo mmoja. Diski za Edison, nene kama ubao, na nyingi za Pathé za mapema hazikuandikwa kwenye kuta bali sakafuni, juu na chini, na zilihitaji ncha ya almasi au yakuti ya mviringo. Sindano ya chuma hapo inalima shamba. Za Edison, tumbo lake ni unga wa mbao, kwa hiyo hata maji ya kuoshea yaliyotajwa hapo juu haziyataki.

Mwisho ni zile za kurekodiwa papo hapo, alumini iliyopakwa laka laini, zilizotumika redioni kabla ya utepe wa sumaku kuenea. Mara nyingi hazina lebo iliyochapwa, jina limeandikwa kwa mkono, na ukichungulia kwenye tundu la katikati au ukingoni unaona metali. Mara nyingi hiyo ndiyo nakala pekee duniani ya kilichosemwa siku hiyo. Isioshwe nyumbani, isipigwe kwa gramafoni, isijaribiwe "kidogo tu tusikie". Ipelekwe kwa mwenye katriji nyepesi na kompyuta iliyokwisha kuwashwa na kuanza kurekodi kabla sindano haijashuka.